Aliyeshika Migongo ya Kasongo

Siku ya soko, Mama Mugongo alipokuwa akipita, wanawake wengi wa mtaa wetu walipata shughuli ghafla. Huyu aliinama kutafuta kitu chini ya meza. Yule alianza kupanga upya mafungu ya mihogo aliyokwisha kuyapanga vizuri. Mwingine alimkemea mtoto asiye na kosa lolote. Mgeni angedhani wamegombana naye, au wanamwogopa kwa uchawi. Wala. Karibu wote hao aliwahi kuwashika mgongo walipokuwa wakizaa, na ndiyo sababu walishindwa kumtazama machoni. Sasa amehama Kasongo, na hao hao ndio wanaonijia kuniuliza habari zake, tena kwa sauti ya chini.

Wananiuliza mimi kwa sababu nilikaa naye ua kwa ua miaka mingi. Kati yetu kulikuwa na uzio wa matete ambao kila mvua zikianza ulilala, na kila ulipolala tulibishana ni zamu ya nani kuusimamisha. Jina lake halisi ninalijua, ila hakuna aliyelitumia; hata imamu alimwita Mama Mugongo. Mahali alipozaliwa sitapataja, maana alinisimulia mara kadhaa na kila mara kijiji kilikuwa kingine. Mimi nilimjua kwa kazi yake, na kwa kitu kimoja alichokitaka duniani: kumshika mgongo binti yake wa pekee, Mwamini, siku atakapozaa. Hilo alilisema bila haya, akiosha vyombo, akichambua mboga, hata akiwa amenikasirikia.

Nieleze kwanza hiyo kazi, kwani wengi walimchanganya na mkunga. Hakuwa mkunga. Hakukata kitovu, hakupima njia, hakutoa dawa za mizizi, na aliyemwomba dawa alifukuzwa kama kuku. Yeye alikaa nyuma. Mama mwenye uchungu aliketi kwenye mkeka au ukingoni mwa kitanda, na Mama Mugongo akaketi nyuma yake, miguu huku na huku, kifua chake kikiwa cha kuegemea. Uchungu ulipokuja alimkandamiza kiuno kwa viganja, akapumua kwa nguvu na polepole mpaka yule wa mbele naye akajikuta anapumua vile vile. Ulipoondoka alimpa maji, au chai ya sukari, au alimsimamisha wakatembea uani wameshikana. Alimuuliza anataka nini, akampa. Hakuondoka. Hilo ndilo lililokuwa kubwa, kwamba hakuondoka. Wauguzi wana wagonjwa wengi, wakwe wana maneno mengi, mume amekaa nje na wenzake. Mama Mugongo hakuwa na pa kwenda mpaka mtoto alie.

"Uchungu miye siupunguzake," aliniambia siku moja. "Uchungu ni wake. Miye nakaa tu, ajue kama kuko mutu."

Mimi si mtu wa kusifu ovyo, muulize yeyote aliyewahi kununua mchele kwangu. Lakini niliyoyaona niliyaona. Wanawake waliokuwa wakiogopa hospitali ya kuzalia, kwa kuwa waliwahi kukaripiwa huko au walisikia dada zao wamekaripiwa, walikubali kwenda wakiwa naye. Na walikwenda mapema, wakitembea kwa miguu yao, si kubebwa jioni wakiwa hawana nguvu tena. Njiani aliwasimulia muuguzi wa zamu ni nani, ana watoto wangapi, anapenda utani gani, hata wakifika wanamsalimu kama jamaa. Muuguzi mmoja, mama mnene mwenye kicheko, nilimsikia kwa masikio yangu alipokuja kununua mchele.

"Huyu mama akiwa mu chumba, muzazi anatulia, anasikia vile namwambia," alisema. "Akikosa kuwa, mie napigana na vitu mbili, uchungu na woga. Na woga njo inachelewesha mutoto."

Nilimpelekea Mama Mugongo sifa hizo nikidhani atafurahi. Alisema yule muuguzi angekuwa anampenda kweli angemtafutia kiti chenye mgongo.

Sasa niseme kwa nini walimkwepa. Kwetu, uchungu ukikawia, mama mkwe huanza kuuliza majina. Ni desturi ya zamani, ya Wabangubangu, ya Wazimba, na sisi watu wa mjini tunaojiona tumestaarabika tunayo pia, ingawa tunaikana. Husemwa kwamba mtoto amekataa kutoka kwa sababu mama yake ana mwanamume aliyemficha; akimtaja tu, njia itafunguka. Basi mwanamke aliyechoka na kuumia anazungukwa na mama mkwe na mawifi, wote wanamwambia taja. Na wengi hutaja. Wako waliotaja wanaume ambao hawakuwahi hata kupeana nao mkono, ili tu waachwe wapumue. Ndoa zimevunjika hivyo, na mtoto hajapewa jina.

Mara moja nilikuwapo. Nilikuwa nimepeleka maji ya moto katika nyumba ya mwenye duka mmoja, mtu mzito hapa mjini, ambaye mke wa mwanawe alikuwa na uchungu tangu asubuhi na walikuwa bado wanabishana kama apelekwe hospitali. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya yule binti, kidole kikinyooka.

"Sema jina! Mutoto anakataa kutoka juu ya uongo yako!"

Mama Mugongo hakuinua sauti. Alikuwa ameketi nyuma ya binti, kidevu chake juu ya bega la mwenzake.

"Mama, heshima yako," alisema. "Hapa hatutafute mwizi. Tunangojea mutoto. Utungojee inje, na useme walete pikipiki, tunaenda hospitali."

Mama mkwe alitoka akisonya. Pikipiki ililetwa. Mtoto alizaliwa hospitalini kabla ya swala ya alasiri, wa kiume, mzima, na yule mama mkwe akasema aliitisha pikipiki yeye.

Lakini hata asipoulizwa, mwanamke mwenye uchungu husema. Sikuyajua hayo mpaka Mama Mugongo aliponiambia, bila kunitajia nani wala nini. Wanasema nani walitaka kuolewa naye. Wanasema nani wanamchukia, mtoto yupi hawakumpenda, kitu gani walikichukua kwa mama mkwe wakakana. Wanamtukana Mungu, kisha wanamwomba msamaha. Na yote hayo yanasikiwa na mtu mmoja ambaye sikio lake liko karibu na mdomo wao. Hakuwahi kurudia neno. Mimi napenda habari, sikatai, na niliwahi kumpikia kuku mzima nikitafuta habari ya nyumba moja tu. Alimla kuku, akasifu mchuzi, akaniaga.

Kunyamaza kwake hakukumsaidia. Angekuwa mropokaji wangemtukana, wangegombana, wangepatana. Yeye alinyamaza, na kila walipomwona walijua anajua. Baada ya kuzaa walimtumia sabuni na kitenge kwa mkono wa mtu mwingine. Hakuna aliyemwalika kwenye akika. Nakumbuka siku moja dufu zilipokuwa zinalia nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa mtoto ambaye mama yake alikuwa ameshikwa mgongo na jirani yangu kutwa nzima. Mama Mugongo alioga, akavaa kitenge chake cha kijani, akajipaka mafuta, akaketi mlangoni kwake kama mtu anayepunga upepo tu. Watu walipita. Aliletewa chakula katika sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na aliyeileta hakuingia. Alikula pale pale mlangoni. Niliposogea kwenye uzio, alisema wali umewazidi maji.

Niliumia sana siku ile. Nilimwonea huruma, na niliwachukia wote waliokuwa wakicheza dufu.

Mimi sikuzaa. Mume wangu alingoja, akachoka kungoja, akaenda Kindu kwa biashara na huko akaoa, na sasa anapita Kasongo kama msafiri mwingine yeyote. Sijalificha jambo hili wala sijalitembeza. Ila ndilo lililonifanya niwe mwanamke pekee wa mtaa ambaye Mama Mugongo hakuwa na neno lake hata moja.

"Weye unaniangaliaka muzuri," aliwahi kuniambia.

"Juu hauna kitu yangu," nilimjibu.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu, halafu kicheko kikaisha na kila mmoja akarudi kwenye sufuria yake.

Wanaomsikia hivi hudhani alikuwa mpole. Upole wake wote aliutumia kule vyumbani, na nyumbani akabaki na makombo. Kuku wangu akivuka uzio alimrudisha kwa fimbo. Aliyemuuzia nyanya laini alimfuata mpaka kwake kumgombeza. Mimi nilipopata homa kali, nikalala nikaomba angalau aniletee maji, alisimama mlangoni akanitazama.

"Uko nazala?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi simama ukunywe."

Nilisimama kwa hasira, nikanywa, na kwa kweli nilipona upesi, ingawa sikumpa raha ya kumwambia. Alisali kwa haraka kama mtu anayefukuzwa, akasema Mungu anajua kazi yake. Wazazi wenye uchungu aliwadanganya bila haya. "Iko karibu, bado kidogo," alimwambia mtu ambaye bado ana kutwa nzima mbele yake. Muuguzi mnene alimkataza uongo huo mara nyingi. Alikubali, akaomba radhi, na siku iliyofuata akadanganya tena. Kupika hakujua kabisa. Sombe yake ya majani ya mihogo ilikuwa na mchanga, na ndiyo maana binti yake alikula kwangu.

Si wote aliowashika walipona. Kulikuwa na msichana mmoja aliyeletwa kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila, akiungua kwa homa, kwao ni mbali huko Kivu, na mwanamume aliyempa mimba alikuwa ameingia shimo jingine mahali ambapo hakuna aliyepajua. Hakuwa na mkwe wa kumuuliza majina wala wifi wa kumchekesha. Waliomleta walimwacha hospitalini wakarudi kazini. Mama Mugongo hakuitwa na mtu. Alisikia tu kwamba kuna mzazi asiye na mwenzake, akaenda. Wauguzi na daktari walifanya yote waliyoyaweza, na alilisema hilo kila mara habari hiyo ilipozungumzwa, kwa sababu mtaani watu hupenda kulaumu. Mtoto alifariki, na baada yake mama. Alifia kifuani pa Mama Mugongo. Muuguzi alinisimulia kwamba walimwomba ainuke mara nyingi na hakusikia, akaendelea kukaa amemkumbatia, anapumua polepole kama anamfundisha.

Aliporudi alipita moja kwa moja kwangu, akaketi kwenye kigoda cha jikoni.

"Hakukuwa peke yake," alisema.

Nikamwambia ndiyo.

"Hakukuwa peke yake," akasema tena.

Nikakaa naye hadi moto ukazimika, na sikuuwasha tena.

Mwamini alikua katika nyumba yangu zaidi ya alivyokua katika nyumba ya mama yake. Mama Mugongo alipoitwa, na aliitwa saa yoyote, alimpitisha mtoto kwenye uwazi wa uzio, wakati mwingine akiwa bado na usingizi, na mimi nikampokea. Nilimsuka nywele. Nilimfundisha kupepeta mchele bila kupoteza punje, na kumjibu mteja mjeuri bila kumpoteza pia. Alipougua surua alilala kitandani kwangu na mama yake alikuwa Lusangi akimngojea mtoto wa watu. Aliniita mama mudogo. Nilimpenda. Sioni haya kusema nilimpenda kuliko nilivyompenda mume wangu, na mume wangu nilimpenda.

Mtoto huyo alikuwa mkimya mbele ya mama yake. Hakumjibu vibaya, hakumkimbilia pia. Mama Mugongo aliporudi amechoka, na harufu ya dawa ya hospitali nguoni, Mwamini alimwekea maji ya kuoga, akarudi kwangu. Mama alimfuata kwa macho. Nadhani hapo ndipo ile hamu yake ilipoanza. Alisema, "Siku yake itafika, nitamushika miye. Hapo atajua nilikuwa naenda kufanya nini."

Mwamini akaolewa. Mwanamume ni wa Kabambare, mnunuzi wa dhahabu, anakaa wiki kadhaa Salamabila na wiki kadhaa kwao. Kijana mwenye adabu, sina la kumsema. Mimba ya kwanza ilipoingia, Mama Mugongo alianza kutengeneza chumba. Kwetu mimba ya kwanza binti hurudi kwa mama yake kuzaa. Hilo halina mjadala hata kwa wakwe wakali. Alinunua mkeka mpya. Alipaka ukuta udongo mweupe. Uzio nao aliusimamisha mwenyewe bila kunigombeza, nikajua mambo ni makubwa. Miezi ilikwenda, chumba kilikauka, Mwamini hakuja. Kisha simu yangu ikalia.

"Mama mudogo," alisema Mwamini, "nitazalia huku Kabambare, kwa mama mukwe. Umwambie mama asikuje."

"Umwambie weye mwenyewe."

"Siwezi. Tafazali."

Nilimwambia siku ile ile, juu ya uzio. Mama Mugongo alikuwa ameshika ndoo. Aliiweka chini.

"Ananirudishia," alisema. "Nilimwachaka sana."

Nami niliamini hivyo hivyo. Niliona ni haki ya binti, na niliona ni ukatili, yote mawili kwa pamoja.

"Nitaenda," alisema. "Akinifukuza, nitakaa inje. Inje si ya mutu."

Singeweza kumwacha aende peke yake, na niseme ukweli, nilitaka kumwona Mwamini. Niliacha mchele kwa binamu yangu, tukapanda pikipiki mbili. Barabara hiyo anayeijua hahitaji kuelezwa, na asiyeijua hataamini. Madaraja ni magogo, na penye magogo yaliyooza unashuka unavuka kwa miguu huku pikipiki ikisukumwa majini. Mama Mugongo alimgombeza dereva wake njia nzima. Tulilala Lusangi kwa watu aliowahi kuwasaidia. Mama mwenye nyumba alitupokea kwa heshima zote, akatupa kitanda chake, na hakumtazama mgeni wake hata mara moja.

Kabambare tulifika mchana, tukaambiwa nyumbani kwamba Mwamini ana uchungu tangu alfajiri na amepelekwa hospitali ya kuzalia. Tulimkuta kwenye baraza, ameinama ameshika nguzo. Mama mkwe wake, mwanamke mrefu aliyefunga leso kichwani, alikuwa pembeni na kikapu cha nguo za mtoto. Alitusalimu vizuri, ila nilimwona anasogea karibu na mlango.

Muuguzi alitoka. Alikuwa kijana, na sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilo mara nyingi.

"Chumba ni kidogo na wazazi ni wengi. Gadimalade, mutu wa kukaa na muzazi, ni mumoja tu. Nani anaingia naye?"

Mama mkwe alinyanyua kikapu. Mama Mugongo alikuwa amekwisha kuvua viatu. Wote wawili walimtazama Mwamini, naye alikuwa katikati ya uchungu, macho yamefumbwa. Ulipompita aliinua kichwa.

"Mama mudogo," alisema.

Nilidhani ananisalimu. Kisha akaninyooshea mkono.

Sijawahi kuona uso kama ule wa Mama Mugongo. Hakulia. Alisimama tu, viatu mkononi, mama wa kila mtu, mbele ya mlango ambao hakuitwa.

"Mwanangu," alisema, "ni juu ya nini? Juu nilikuacha?"

Mwamini alitikisa kichwa. Alikuwa na nafasi ndogo kabla ya uchungu mwingine, na alisema upesi.

"Wote wenye ulishikaka mugongo hawakuangaliake tena mu macho, mama. Wote. Naliona tangu nilikuwa mudogo. Miye nataka kukuangalia."

Basi ikawa hivyo. Na mimi, hapo, sikufikiri mbele. Nilikuwa na furaha iliyonijaa mpaka kooni. Mimi ambaye hakuna aliyewahi kuniita katika chumba kama kile, isipokuwa kuleta maji, nilikuwa nimeitwa na mtoto niliyemlea, mbele ya mama yake na mkwe wake. Mama Mugongo alinitazama kwa muda, kama anataka kunikataza. Halafu akanishika kiwiko.

"Usimwambie avumilie," alisema haraka. "Anavumilia tayari. Kaa nyuma, karibu kabisa. Pumua polepole, weye kwanza. Akitaka kusimama, asimame. Akikutukana, usijibu. Na muganga wa hospitali akisema kitu, umurudilie yeye mu sikio."

Nikaingia.

Niliketi nyuma yake kama nilivyoagizwa. Mgongo wake ulikuwa na joto na jasho, na mwanzoni nilikuwa naogopa kuliko yeye. Nilipumua. Baada ya kitambo naye akapumua. Nilimkandamiza kiuno hadi viganja vikafa ganzi. Alinywa maji, akatapika, akanywa tena. Alitaka kutembea tukatembea, kutoka kitanda mpaka dirishani na kurudi, muuguzi akitupisha. Kila alipotaka kukata tamaa aligeuza kichwa kidogo kuhakikisha kama nipo, na nilikuwapo. Hapo ndipo nilipoelewa ile kazi, baada ya miaka yote ya kuitazama kupitia uzio. Si kubwa. Ila asiyekuwa na mtu wa kumfanyia hayo, sijui anapitaje.

Jua lilipoanza kushuka mama mkwe alikuja dirishani, akasema mambo yanakawia, labda mama wa mtoto aulizwe ana nini moyoni. Nikasikia sauti ya Mama Mugongo nyuma yake, ya upole ule wa vyumbani.

"Mukwe wangu, kuja tukae hapa. Unielezee namna weye ulizalaka huyu kijana."

Na yule mama akaanza kueleza. Alieleza mpaka mwisho, na dirishani hakurudi.

Mwamini naye alisema. Alisema mengi, mdomo wake karibu na sikio langu. Hayo siyaandiki. Baadhi yalimhusu mume, baadhi yalimhusu mama yake, na mengine yalinihusu mimi, ambayo hakuna mtu angependa kumwambia aliyemlea. Nilikandamiza kiuno.

Mtoto alizaliwa kabla ya magharibi, wa kike, akilia kwa ghadhabu. Muuguzi alimfuta, akamweka kifuani kwa mama yake. Mwamini alicheka, akalia, akamtazama mtoto, akamtazama muuguzi. Nilimfuta jasho shingoni, nikasema hongera mwanangu.

"Asante," alisema, akitazama ukuta. "Muniitie mama."

Mama Mugongo aliingia akiwa ameshikilia mlango kama kipofu. Mwamini alimtazama machoni, kwa muda mrefu, na mama akamtazama. Mimi nikakusanya nguo chafu nikatoka nazo nje.

Arobaini ilipokwisha Mwamini alikuja Kasongo na mtoto na mume wake. Walikuja kumchukua Mama Mugongo akakae nao Salamabila, kwani kule wazazi ni wengi na watu wao wako mbali. Walikaa siku chache wakifunga vitu. Nilipika kila siku, nikapeleka. Mwamini alipokea sahani kwa mikono miwili, akasema asante mama mudogo, akainamia mtoto kumfunga kanga ambayo haikufunguka. Asubuhi nilipokuwa uani aliingia ndani. Nilijua kabisa ninachokiona. Nilikuwa nimekiona sokoni kwa miaka mingi.

Siku ya kuondoka Mama Mugongo alikuja kwenye uzio, amevaa kitenge cha kijani. Mimi nilikuwa napepeta mchele.

"Nilijua pale ku mulango," alisema. "Ningekukataza. Lakini angeingia na nani?"

"Mukwe wake," nilisema.

"Mukwe wake," alikubali.

Nikamuuliza, bila kumtazama, Mwamini atarudi lini kuniangalia machoni.

"Sijue," alisema. "Miye, wenye nilishikaka hawajarudia kuniangalia."

Alinyoosha mkono juu ya matete akanishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mimi nikaacha ungo. Nilitaka kumwambia asiende. Nilitaka kumwambia kwamba nimebaki bila hata mtu mmoja.

"Mama!" Mwamini aliita kutoka upande ule.

Tuligeuka wote wawili. Mama Mugongo akaitika, akaenda.